Kufundisha Visaidizi na Adabu ya Kusaidia katika Shule ya Msingi

Mwalimu mwanafunzi anayekwenda kwenye mazoezi ya kufundisha hana budi kutarajia kwamba katika darasa atakalopewa atamkuta mtoto atembeaye kwa magongo, au avaaye miwani yenye vioo vinene, au aketiye mbele kabisa kwa kuwa macho yake hayafiki ubaoni. Hapo zamani watoto wachache wa namna hiyo walipelekwa katika shule zao maalumu, mathalani Shule ya Wasioona ya Buigiri mkoani Dodoma iliyoanzishwa mwaka 1950, au Shule ya Viziwi ya Tabora iliyoanzishwa mwaka 1963. Wengi zaidi hawakupelekwa popote, walibaki nyumbani. Azimio la Salamanca la mwaka 1994, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, na kwa Tanzania Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, vimeufungua mlango wa shule ya kawaida kwa watoto hawa.

Mlango ukiisha kufunguliwa, kazi inayobaki ni ya mwalimu. Sheria yaweza kumwingiza mtoto darasani, lakini haiwezi kumpatia rafiki. Watoto wenzake waweza kumcheka, au kukifanya kifaa chake kuwa kitu cha kuchezea. Waweza pia kufanya kosa la tatu, ambalo mwalimu mgeni halioni upesi kwa sababu linafanana na wema: kumsaidia mno, hata asipate nafasi ya kufanya jambo lolote kwa mikono yake mwenyewe.

Katika makala hii tunaeleza namna ya kulifundisha jambo hili kwa vipindi vitatu vya dakika 40 kila kimoja, katika darasa la tatu hadi la tano. Fundisho kuu ni moja, na yote yatakayofuata yanalitumikia: kisaidizi ni sehemu ya mwenyewe anayekitumia, na msaada wa kweli huanza kwa kuuliza.

KISAIDIZI NI NINI

Kabla ya kuwafundisha wengine, mwalimu na aelewe yeye mwenyewe. Kisaidizi ni chombo kinachoziba pengo baina ya lile mtu analotaka kulifanya na lile ambalo mwili wake, katika mazingira aliyomo, unamruhusu kulifanya. Miwani ni kisaidizi. Magongo, mguu wa bandia, kiti cha magurudumu, baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono, fimbo nyeupe, kifaa cha kusaidia kusikia, mashine ya kuandikia Breli, vyote ni visaidizi. Kwa mtoto mwenye ualbino, kofia yenye ukingo mpana na kioo cha kukuzia maandishi ni visaidizi pia. Siku hizi hata simu ya mkononi imeingia katika kundi hili, maana zipo programu zinazomsomea asiyeona kwa sauti maneno yaliyo kwenye kioo cha simu yake.

Tuangalie neno lile “katika mazingira aliyomo”. Mtoto mwenye kiti cha magurudumu hana shida katika uwanja uliosawazishwa. Shida huanza penye ngazi tatu za kuingilia darasani. Basi pengo halikuletwa na miguu peke yake, bali limeletwa pia na fundi aliyejenga ngazi pasipo njia ya mteremko. Mwalimu akilishika jambo hili, hatafundisha kana kwamba ulemavu ni msiba wa mtu mmoja, bali atawaonyesha watoto kwamba sehemu kubwa ya pengo hilo imo katika uwezo wao na wa shule yao kuiziba.

Vilevile kisaidizi si dawa. Magongo hayauponyi mguu, bali humfikisha mwenyewe shuleni. Watoto wadogo aghalabu huuliza, “Akivaa kile kifaa atapona lini?” Mwalimu ajibu kwa upole na kwa kweli kwamba kifaa hakikuwekwa ili kuondoa ulemavu, bali kumwezesha mwenzao kucheza, kusoma na kwenda atakako.

Wala tusidhani kwamba habari hii inawahusu watu wachache. Taarifa iliyotolewa mwaka 2022 na Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF ilieleza kwamba watu zaidi ya bilioni 2.5 duniani wanahitaji kisaidizi kimoja au zaidi, na karibu bilioni 1 kati yao hawakipati. Katika baadhi ya nchi maskini wanaopata ni kiasi cha watu 3 tu katika kila 100 wanaohitaji. Kwa hiyo mtoto aliye na kisaidizi darasani mwetu ana kitu adimu, ambacho pengine wazazi wake walikipata baada ya kuhangaika sana. Wenzake wakikivunja katika mchezo, huenda mwaka ukaisha hajapata kingine, na masomo yake yakaisha hapo.

KIPINDI CHA KWANZA: VYOMBO VYETU SOTE

Tusianze somo kwa kumtaja mtoto mwenye ulemavu, wala kwa kuonyesha magongo. Tuanze na vyombo ambavyo kila mtoto anavijua. Mwalimu alete darasani upembo wa kuangulia maembe, kata ya kutekea maji, na kigoda. Aulize: “Upembo huu hutusaidia nini?” Watajibu kwamba embe liko juu na mkono haufiki. “Je, mtu anayetumia upembo ni mtu duni?” Watacheka na kusema la. “Angekuja jitu refu kuliko mwembe, angetuonaje sisi tunaohangaika na upembo?” Hapo watoto huanza kufikiri, kwa kuwa wameona kwamba ufupi wao ni ufupi kwa kulinganishwa na mti, si aibu.

Baada ya hapo mwalimu alete miwani, ikiwezekana yake mwenyewe au ya mwalimu mwenzake. Miwani ni daraja zuri kutoka vyombo vya wote hadi visaidizi, kwa kuwa watoto wamezoea kuiona kwa watu wanaowaheshimu. Ndipo awaonyeshe picha au vifaa vya kweli: gongo, fimbo nyeupe, kiti cha magurudumu. Vifaa vilivyochakaa vyaweza kuazimwa kutoka hospitali au kwa wazee wa kijiji. Kwa kila kimoja watoto wajaze ubaoni safu tatu: jina la kifaa; mwenyewe anataka kufanya nini; kifaa kinamsaidiaje. Ile safu ya katikati isiachwe kamwe. Ndiyo inayowafundisha kwamba nyuma ya kila kifaa yuko mtu mwenye nia yake.

Mwishoni mwa kipindi mwalimu aeleze jambo moja la historia, ambalo watoto hulipenda. Fimbo nyeupe ilianza kujulikana baada ya James Biggs wa mji wa Bristol, Uingereza, aliyepoteza uwezo wa kuona, kuipaka rangi nyeupe fimbo yake mwaka 1921 ili waendesha magari wamwone. Kiti cha magurudumu kinachokunjika kilitengenezwa nchini Marekani katika miaka ya 1930 na Herbert Everest, ambaye mwenyewe alikuwa akitumia kiti, pamoja na rafiki yake fundi mitambo, Harry Jennings. Darasa liulizwe: “Nani aliyegundua dawa ya tatizo?” Jibu ni kwamba ni mwenye tatizo mwenyewe, peke yake au akishirikiana na rafiki aliyemsikiliza.

KIPINDI CHA PILI: BRELI KWA MAHARAGE

Kipindi cha pili tukielekeze kwenye kisaidizi kimoja tu, tukichunguze kwa undani. Tunapendekeza Breli, kwa kuwa vifaa vyake havina gharama na kwa kuwa habari yake ni habari ya mtoto.

Louis Braille alizaliwa mwaka 1809 katika kijiji cha Coupvray nchini Ufaransa. Baba yake alikuwa fundi wa matandiko ya farasi. Mtoto alipokuwa na umri wa miaka 3 alijichoma jicho kwa chombo chenye ncha katika karakana ya babaye, na ugonjwa uliotokana na jeraha hilo ukampotezea hata jicho la pili. Mwaka 1819 alipelekwa Paris katika shule ya watoto wasioona. Huko akaujua mwandiko wa nukta 12 zilizotokeza, uliobuniwa na Charles Barbier. Lakini nukta 12 ni nyingi. Ncha ya kidole haiwezi kuzitambua zote kwa mguso mmoja. Aliyebuni mwandiko ule alikuwa anaona, wala hakusoma kwa kidole. Kijana Braille akazipunguza nukta zikawa 6, na kufikia mwaka 1824, akiwa na umri wa miaka 15, mwandiko wake ulikuwa umekwisha kupata umbo. Ulichapishwa mara ya kwanza mwaka 1829.

Sasa watoto wafanye kazi kwa mikono. Kila kundi la watoto wanne lipewe kipande cha trei ya mayai chenye vikombe 6, yaani safu mbili za vikombe vitatu vitatu, pamoja na punje 6 za maharage. Vikombe vya safu ya kushoto, kutoka juu hadi chini, vipewe namba 1, 2 na 3. Vya safu ya kulia namba 4, 5 na 6. Mwalimu aandike ubaoni:

A ni nukta 1.
B ni nukta 1 na 2.
D ni nukta 1, 4 na 5.
E ni nukta 1 na 5.
H ni nukta 1, 2 na 5.
I ni nukta 2 na 4.

Kwa herufi hizi sita makundi yakijipanga pamoja yaweza kuandika baba, dada, bei, hadi. Kisha mwalimu aseme: “Herufi K ni A iliyoongezwa nukta 3. L ni B iliyoongezwa nukta 3.” Awaache watoto wagundue wenyewe kwamba mwandiko huu una mpango, kwamba herufi kumi za kwanza ndizo zinazozaa kumi zinazofuata. Watoto wa darasa la tano waweza kupewa hesabu: nukta 6, kila moja ipo au haipo, hutoa maumbo mangapi? Ni 64, na tukiliondoa lile lisilo na nukta hata moja hubaki 63.

Hatua inayofuata ni kuandika kwa karatasi ngumu na msumari butu, karatasi ikiwa juu ya kitambaa kilichokunjwa. Hapa watoto watakutana na mshangao: nukta hutokeza upande wa pili. Neno lililoandikwa kutoka kushoto kwenda kulia, karatasi ikigeuzwa, limegeuka kinyume. Ndiyo maana asiyeona anayeandika kwa kibao na msumari wa Breli huandika kutoka kulia kwenda kushoto, kila herufi ikiwa imegeuzwa, kisha husoma kutoka kushoto kwenda kulia. Mashine ya Perkins, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1951 nchini Marekani, huondoa taabu hiyo, kwa kuwa ina vibonye 6, kimoja kwa kila nukta, na nukta hutokeza upande wa juu tayari kusomwa.

Mwisho kadi zitiwe ndani ya mfuko wa nguo, mtoto atie mkono na kusoma kwa kidole bila kutazama. Wengi watashindwa kutofautisha D na H. Mwalimu asiseme, “Mnaona jinsi wasioona wanavyopata shida?” Aseme, “Mnaona jinsi wasioona walivyo hodari? Wao husoma kitabu kizima.” Maneno haya mawili hutoka katika zoezi moja, lakini moja hupanda mbegu ya huruma tupu na la pili hupanda mbegu ya heshima.

JUU YA KUWAFUNGA WATOTO VITAMBAA MACHONI

Walimu wanafunzi wengi hupenda kuwafunga watoto vitambaa machoni na kuwaagiza watembee darasani, ili “wajue kipofu anavyojisikia”. Tunashauri zoezi hili liachwe. Mtoto aliyefungwa macho kwa dakika tano hajifunzi maisha ya asiyeona. Anajifunza hofu ya mtu ambaye ameacha kuona dakika hii hii, wala hajafundishwa fimbo, wala hajazoea kusikiliza mwangwi wa ukuta. Atajigonga, wenzake watacheka, kisha kitambaa kitafunguliwa naye atashukuru kwamba yeye si kama wale. Ataondoka akiamini kwamba asiyeona huishi gizani akipapasa siku zote. Huo si ukweli, na imani hiyo ndiyo itakayomfanya kesho amburute mwenzake kwa mkono bila kuuliza.

Mwalimu akitaka watoto wajue mtu asiyeona anavyotembea, amwalike mtu asiyeona aliye hodari wa fimbo aje darasani kufundisha. Atawaonyesha kwamba fimbo hupelekwa kushoto na kulia kwa utaratibu: mguu wa kulia unapokwenda mbele, ncha ya fimbo hugusa upande wa kushoto, mahali utakapokanyaga mguu ufuatao. Watoto watamwona ni fundi mwenye ujuzi, nao watamheshimu kama wanavyomheshimu fundi yeyote.

KIPINDI CHA TATU: ADABU YA KUSAIDIA

Katika kipindi hiki watoto wafundishwe hatua nne, ziandikwe kwa herufi kubwa na kubandikwa ukutani: ULIZA. SIKILIZA. FANYA ULILOAMBIWA. ACHA.

Hatua ya kwanza na ya pili zinakwenda pamoja. Kuuliza pasipo kungoja jibu si kuuliza. Mwenzetu akisema, “La, ahsante,” basi hilo ni jibu kamili, wala si matusi. Hatua ya tatu humkataza msaidizi kuongeza yake: aliyeombwa kubeba mkoba asianze kumshika mwenyewe kiunoni. Hatua ya nne ndiyo ngumu kuliko zote: kazi ikiisha, msaidizi aondoke bila kungoja kusifiwa.

Baada ya maelezo watoto waigize wawili wawili. Kwa mfano:

“Nikusaidie kuvuka hapa?”
“Ndiyo. Shika vishikio vya nyuma, lakini ngoja kwanza nifungue breki.”
“Haya, niambie ukiwa tayari.”
“Tayari. Twende polepole.”

Au hivi:

“Nikuandikie?”
“Hapana, nitaandika mwenyewe. Nisomee tu ule mstari wa mwisho ubaoni.”

Igizo hili la pili lirudiwe mara nyingi, kwani lina jambo kubwa ndani yake. Mtoto asiyeona vizuri ambaye kila siku huandikiwa na jirani yake atakuwa na daftari safi lililojaa, lakini kichwani mwake hamna kitu. Mwalimu atalisahihisha daftari, ataweka alama za vyema, na mwisho wa mwaka mtoto atashindwa mtihani, watu waseme kwamba hana akili. Hapo aliyempora elimu ni rafiki aliyempenda.

Kisha watoto wafundishwe ujuzi mdogo mdogo, kwa kuwa nia njema bila ujuzi yaweza kumwangusha mtu.

Kwa mwenye kiti cha magurudumu: tusikisukume kiti bila idhini, tusining'inie nyuma yake, tusiweke mikoba yetu juu yake. Penye mteremko mkali kiti huteremshwa kinyumenyume, msaidizi akiwa upande wa chini, ili mwenyewe asitupwe mbele. Kwa watoto kazi hii ifanywe mtu mzima akiwapo.

Kwa asiyeona: tumkaribie tukitaja majina yetu, kwa kuwa si vyema kumwambia, “Nijue mimi nani.” Yeye ndiye hushika mkono wa kiongozi, juu kidogo ya kiwiko, akifuata nusu hatua nyuma, kiongozi hamsukumi mbele, wala hamvuti kwa fimbo yake. Tukiondoka tuage, asije akazungumza na upepo.

Kwa atumiaye magongo: magongo yawekwe mahali ambapo mkono wake unafika. Kuyapeleka pembeni ya darasa ili yasizuie njia ni sawa na kuichukua miguu yake na kuifungia kabatini.

Kipindi kimalizike nje ya darasa kwa hesabu. Watoto wachukue tepu ya kupimia wapime kimo cha ngazi ya mlango wao, ya maktaba na ya choo, na upana wa milango. Mteremko unaofaa kwa kiti cha magurudumu huwa na urefu usiopungua sentimita 12 kwa kila sentimita 1 ya kimo. Basi ngazi ya sentimita 15 yahitaji mteremko wa sentimita 180, na kizingiti cha sentimita 5 chahitaji sentimita 60. Mlango uwe na nafasi ya sentimita 80 angalau. Matokeo yaandikwe vizuri na yapelekwe kwa mwalimu mkuu na kamati ya shule. Mteremko wa kizingiti kidogo waweza kujengwa kwa mawe, mchanga na saruji kidogo katika siku ya kazi za mikono. Watoto walioujenga mteremko huo kwa mikono yao hawatahitaji kukaririshwa maana ya kusaidia.

MTOTO MWENYEWE DARASANI

Iwapo darasani yumo mtoto mwenye kisaidizi, mwalimu azungumze naye na wazazi wake kabla ya kipindi cha kwanza. Amweleze yatakayofundishwa, amuulize kama angependa kuwaeleza wenzake habari za kifaa chake au kukaa kimya kama wanafunzi wengine. Akikubali, awe mwalimu msaidizi wa kipindi. Akikataa, kifaa chake kisitajwe. Kumsimamisha mtoto mbele ya darasa atazamwe bila ridhaa yake ni kuyavunja yote tunayoyafundisha, maana mwalimu mwenyewe atakuwa ameiruka ile hatua ya kwanza ya kuuliza.

Mwalimu naye ajifunze kifaa cha mwanafunzi wake. Tuchukue kifaa cha kusaidia kusikia. Ndani yake mna kinasa sauti, kikuza sauti na kipaza sauti kidogo. Hukuza sauti ya mwalimu, lakini hukuza pia mlio wa madawati, kikohozi cha jirani na mvua juu ya bati. Kwa hiyo mtoto aliyevaa kifaa hicho katika darasa lenye makelele hasikii vizuri. Anasikia makelele makubwa zaidi. Dawa yake ni darasa tulivu na mwalimu aliye karibu, anayesema akiwa amewaelekea watoto. Anayesema huku akiandika ubaoni humnyima mtoto huyo midomo yake. Kupiga kelele hakufai, maana huharibu sauti na umbo la midomo. Kifaa kikilia kama mluzi, aghalabu ni kwamba hakijakaa sawa sikioni. Kisiingie maji. Betri zake ndogo zina kibandiko. Kibandiko kikibanduliwa hewa huingia na betri huanza kufanya kazi, hivyo kisibanduliwe kabla ya wakati. Na kwa kuwa ni hatari kubwa mtoto akizimeza, ziwekwe mbali na watoto wadogo.

Kifaa kikiharibika, mwalimu asikubali kirudi nyumbani na kuishia darini. Awasaidie wazazi kupata fundi au hospitali. Hapa kwetu Afrika Mashariki mafundi wa viungo bandia wamekuwa wakifundishwa tangu mwaka 1981 katika chuo cha TATCOT kilichoko KCMC, Moshi. Na walimu wa elimu maalumu hufundishwa katika vyuo kama Patandi, mkoani Arusha, na KISE, nchini Kenya, kilichoanzishwa mwaka 1986. Mwalimu wa kawaida hawezi kujua yote, lakini ajue ni wapi pa kuuliza.

JUU YA MANENO

Lugha yetu imerithi majina kama kiwete, kilema na kiziwi, ambayo huanza kwa ki- kama majina ya vitu, ingawa katika sentensi tunasema “kiziwi amekuja”, si “kimekuja”. Majina haya hayakutungwa yote kwa nia mbaya, na wako viziwi wanaojiita viziwi kwa fahari. Lakini mtoto anapoitwa kwa ulemavu wake mahali pa jina lake, ndipo neno huwa jiwe. Kanuni ya darasani iwe rahisi: mwenzetu ana jina, tumwite kwa jina lake. Inapolazimu kutaja hali yake, tuseme mtoto asiyeona, mtoto mwenye ulemavu wa miguu, kama mwenyewe apendavyo. Wahenga walisema, “Hujafa, hujaumbika.” Methali hii watoto waipate mapema, lakini mwalimu aieleze si kama kitisho bali kama ukumbusho kwamba mwili wa kila mmoja wetu waweza kubadilika, na kwamba ngazi isiyo na mteremko leo inamngoja mtu mwingine kesho.

KUPIMA MATOKEO

Maswali ya kuandika yana nafasi yake, mathalani: taja visaidizi vitatu na kazi zake, andika “baba” kwa Breli, ngazi ya sentimita 20 yahitaji mteremko wa urefu gani? Lakini kipimo cha kweli kiko uwanjani. Kwa muda wa wiki mbili mwalimu atazame wakati wa mapumziko. Je, watoto huuliza kabla ya kushika? Mwenye magongo akisema la, husikilizwa? Je, katika michezo hupewa kazi ya kweli, au huachiwa kulinda nguo za wachezaji? Je, yeye naye huombwa msaada na wenzake, katika hesabu, katika kuimba, katika kutunza siri?

Swali hili la mwisho ndilo zito. Mtoto apokeaye siku zote bila kutoa huzoea kujiona mzigo, hata kama wabebaji wake wanatabasamu. Mwalimu akimwona mwanafunzi mwenye kiti cha magurudumu akimfundisha kugawanya yule anayemsukuma kwenda nyumbani, na wote wawili wakibishana bila kuoneana haya, basi aandike katika kumbukumbu zake za somo kwamba lengo limefikiwa.